Mtoto anasoma Kichina na wewe hujui hata neno: jinsi ya kujua kama kweli anasonga mbele

Hii naiandika kwa wazazi wenzangu hapa Uganda ambao watoto wao wako kwenye zile programu za kuzamishwa, yaani sio kile kipindi cha Kichina cha mara moja moja, hapa mtoto anakaa nusu ya siku na laoshi (ndivyo wanavyomuita mwalimu), hesabu anafundishwa kwa Kichina, sayansi kwa Kichina, hata ruhusa ya kwenda chooni anaomba kwa Kichina. Mimi binti yangu yuko P3, yaani darasa la tatu la primary. Nyumbani tunaongea Kiswahili manake mama yangu ni wa Mombasa, baba yake mtoto ni Muganda, kwa hiyo Luganda ipo, English ipo, na Kichina hakuna anayejua.

Mwaka jana alileta ripoti ya muhula wa kwanza, Kichina 94, na laoshi ameandika ameendelea vizuri sana. Wiki hiyo hiyo tukaingia duka moja la vyombo huku mjini, muuzaji ni mama wa Kichina, akamuuliza mtoto nǐ jǐ suì le, una miaka mingapi, swali la wiki za mwanzo kabisa. Mtoto kimya. Akanishika gauni. Tulipotoka nje nikamuuliza vipi, akasema "hakuuliza kama laoshi anavyouliza". Hilo jibu lilinikaa kichwani siku nyingi, maana ile 94 ilikuwa ya kweli na ule ukimya pia ulikuwa wa kweli, na mimi nlikuwa sina chombo cha kupimia kilichoko katikati. Haya yote hapa chini ndo chombo nilichokijenga tangu siku hiyo, kidogo kidogo.

Na jueni kitu kimoja, kwa primary hakuna mtu mwingine atakupimia. PLE, ule mtihani wa taifa wa kumaliza primary, ni English, hesabu, sayansi na SST (maarifa ya jamii), basi. Serikali ilianza kuingiza Kichina sekondari mwaka 2019 kwenye shule 35, na baadaye kikaingia kwenye mtaala mpya wa O level kama lugha ya kuchagua, lakini mtoto wa P3 hana mtihani wowote wa taifa utakaokwambia yuko wapi. Ukisubiri ripoti za shule peke yake utakuja kujua ukweli P6 ukiwa umeshalipa ada ya miaka sita.

Hatua ya 1: hesabu masaa

Kabla hujamlaumu mtoto wala laoshi, jua anapata masaa mangapi, kwa sababu shule zinatumia tangazo moja kwa vitu viwili tofauti kabisa. Omba ratiba ya darasa, chukua kalamu, hesabu muda ambao mtoto anasikia Kichina kweli, ukitoa chakula, mapumziko na michezo kama hiyo ni kwa English. Sisi tulipata masaa matatu kwa siku, siku tano, hiyo ni 15 kwa wiki, muhula wa wiki 12 unakuwa masaa 180, mwaka 540. Jirani yangu naye mtoto wake yuko shule "ya Kichina", tulipokaa na ratiba yake tukakuta ni vipindi vitatu vya dakika 40 kwa wiki, yaani masaa mawili, 24 kwa muhula, 72 kwa mwaka. Alikuwa anamuonea mtoto wake bure kila akimsikia wa kwangu.

Ili ujue uzito wa hizo namba, wizara ya mambo ya nje ya Marekani inawafundisha lugha wanadiplomasia wake, na kwa Kichina wanapanga kama masaa 2,200 ya darasani kwa mtu mzima anayeongea English mpaka aweze kufanyia kazi. Mtoto hajifunzi kama mtu mzima, lakini ukiona 72 kwa mwaka unajua mwenyewe utegemee nini.

Hapo hapo uliza mambo matatu: masomo gani hasa yako kwa Kichina, laoshi anabaki kwenye Kichina au kila akikwama anahamia English, na wanafundisha herufi gani, zile zilizorahisishwa za China bara au zile za zamani za Taiwan (usipojua hili utamnunulia mtoto vitabu asivyoweza kuvisoma).

Hatua ya 2: tenganisha kusikia, kuongea, kusoma na kuandika

Ripoti inakupa namba moja. Wewe chora mistari minne kwenye daftari, kila ujuzi na wake, kwa sababu haviendi pamoja hata kidogo. Mwaka wa kwanza kusikia kunakimbia mbele sana. Mtoto anaambiwa simama, leta penseli, funga mlango, anafanya vyote, lakini mdomo umefungwa. Hicho kipindi cha ukimya ni cha kawaida kwa watoto wanaozamishwa kwenye lugha mpya, kinaweza kuchukua miezi, na mzazi akianza kumlazimisha "ongea basi nisikie" mbele za wageni anakirefusha tu.

Kusoma ndo kunakowapa wazazi presha zaidi na nadhani ni kwa sababu tunapima kwa mizani ya Kiswahili. Sisi ukishajua ba be bi bo bu umemaliza, unasoma gazeti zima hata usiloelewa. Kichina hakina huo mlango. Kila herufi inakuja na sauti yake na maana yake, China wenyewe wana orodha ya herufi 3,500 za matumizi ya kawaida iliyotoka mwaka 1988, na 2,500 kati ya hizo ndo zinazotumika sana. Kwa hiyo mtoto wa P2 anayesoma kitabu kizima cha English na anajua herufi 100 za Kichina hana shida yoyote.

Sasa kuna mtego hapa. Vitabu vya watoto vinaandikwa herufi, na juu yake pinyin, ule uandishi wa kilatini uliopitishwa China mwaka 1958. Mtoto anasoma kitabu tararara, wewe unafurahi, kumbe anasoma zile abc za juu na herufi hata hajaziangalia. Chukua kipande cha karatasi, funika pinyin, mwambie asome tena. Binti yangu nilipofanya hivi mara ya kwanza alitoka kwenye ukurasa mzima akabaki na herufi tisa. Sikumkasirikia, niliandika tu 9 na tarehe.

Hatua ya 3: rekodi ya sauti kila wiki sita

Kama utafanya kitu kimoja tu kati ya haya yote, fanya hiki. Simu yoyote inatosha. Kila baada ya wiki sita mkae sehemu tulivu, dakika mbili tatu, na siri yake ni moja: maswali ni yale yale na picha ni ile ile, usibadilishe. Picha yetu ni ya sokoni, kuna mama anauza matoke, boda imepaki, mbwa amelala, watoto wanakula. Kazi ziko tano:

Aseme nani na nani wanaishi nyumbani kwetu. Aeleze anachokiona kwenye picha. Aseme jana alifanya nini kutoka asubuhi. Anieleze rolex, ile chapati ya kuviringisha na mayai, inapikwaje (hii wanaipenda wote). Mwisho aniulize mimi maswali matatu.

Maswali unampa kwa Kiswahili au lugha yenu ya nyumbani, usimsaidie, akikwama subiri, akisema "sijui" sawa, endelea. Faili ipe jina la tarehe. Usimsahihishe, kwanza huwezi, na pili siku ukianza kusahihisha rekodi inakuwa mtihani na mtoto anaanza kukariri majibu.

Utasikilizaje wakati hujui lugha? Unasikia vingi kuliko unavyofikiria. Sikiliza anaongea muda gani kabla ya kusimama. Sikiliza maneno ya English anayochomekea, hesabu. Sikiliza kama sentensi zote zinaanza sawasawa, wǒ yǒu, wǒ yǒu, wǒ yǒu (nina, nina, nina), hiyo ni mtoto anayejaza nafasi kwenye sentensi aliyopewa. Alafu jifunze maneno manne tu ya kuunganisha, haya ni masikio yako: yīnwèi ni kwa sababu, suǒyǐ ni kwa hiyo, dànshì ni lakini, ránhòu ni halafu. Siku utakayoyasikia kwenye rekodi bila mtu kumuomba, mtoto ameanza kufikiri kwa ile lugha.

Mfano wa kweli, swali lile lile la nani anaishi nyumbani. Februari alisema wǒ jiā yǒu wǔ gè rén, kwetu tuko watu watano, akanyamaza. Sentensi nzuri, ya kitabu, imekaririwa. Agosti akasema wǒ jiějie bú zài jiā, yīnwèi tā qù xuéxiào le, dada yangu hayuko nyumbani kwa sababu ameenda shule. Hiyo hakuna kitabu kilichompa, dada yake kweli alikuwa ameshaenda bweni asubuhi ile. Mimi hapo sikujua maana, nilisikia tu yīnwèi nikaruka, kisha nikamwambia anitafsirie. Na kumwambia akutafsirie ni kipimo kingine cha bure: mtoto anayeelewa anachosema atakupa kwa Kiswahili mara moja, anayekariri ataanza kusitasita.

Zile ngazi ambazo wataalamu wa lugha wanazitumia, ukizishusha chini, ziko hivi: wa mwanzo anatumia maneno na sentensi za kukariri, wa kati anaunda sentensi zake mwenyewe na anaweza kuuliza maswali na kujibu, wa juu anasimulia jambo lililopita kutoka mwanzo hadi mwisho bila kukatika. Kazi zangu tano zimepangwa kufuata hizo ngazi. Kwa programu ya nusu siku, mtoto akimaliza primary yuko imara kwenye ngazi ya kati mimi nitasema shule imefanya kazi yake. Usitegemee aongee kama mtoto wa Beijing.

Hatua ya 4: toni, na hapa lugha zetu zinasaidia

Kichina kina toni nne na moja nyepesi isiyo na mkazo. Mā mama, má katani, mǎ farasi, mà kufoka. Kiswahili hakina toni, ila Luganda inazo, Acholi inazo, Lugbara inazo, kwa hiyo mtoto aliyekua na hizo masikio yake tayari yanajua kwamba sauti ikipanda au ikishuka neno linaweza kugeuka. Mtoto wa nyumba ya Kiswahili na English tu unatakiwa kumwangalia zaidi hapa.

Mimi napima kwa jozi za maneno. Yangu ni mǎi, kununua, na mài, kuuza (familia ya wafanyabiashara, haya tunayahitaji), tāng ni mchuzi na táng ni sukari. Pakua Pleco, ni kamusi ya bure ya Kichina kwenye simu na ina sauti, icheze mara kumi ukichanganya, mtoto asikie aseme ananunua au anauza. Andika amepata ngapi kati ya kumi. Alafu geuza, yeye aongee kwenye kibodi ya simu ukiiweka lugha ya Kichina, aseme sentensi nzima kama wǒ mǎi shū, nanunua kitabu, uone simu inaandika 买 au 卖. Hizo herufi mbili zinafanana, tofauti ni kakofia juu ya ile ya kuuza, hata wewe utaiona. Simu inakosea wakati mwingine na inabahatisha kufuatana na sentensi, kwa hiyo usiifanye hakimu, angalia tu mwelekeo wa miezi mitatu minne.

Jambo la pili ni r na l. Luganda hizi mbili ni kama sauti moja, inabadilika kufuatana na irabu iliyotangulia, na Kichina ni mbali kabisa, rè ni joto na lè ni furaha. Ukisikia mtoto anasema lè kwa vyote viwili mwambie laoshi, ni kosa linalorekebishika mapema.

Na la tatu ni p na b, t na d, k na g za Kichina. Kwenye pinyin, p inatoka na pumzi nyingi, b haina pumzi. Weka kikaratasi chepesi mbele ya mdomo, akisema pà (kuogopa) kinapepea, akisema bà (kama kwenye bàba) kinatulia. Mama yangu aliposikia hili alicheka akasema si ni paa na paa, manake Kiswahili cha pwani paa la nyumba halina pumzi na paa mnyama anayo. Sasa bibi na mjukuu wana mchezo wao wa karatasi na mimi nimepumzika.

Hatua ya 5: herufi kwenye bahasha tatu

Kata manila kadi ndogo ndogo, upande mmoja herufi peke yake bila pinyin, nyuma pinyin na maana (mwambie mtoto aandike mwenyewe, laoshi akague). Bahasha ya kwanza anazijua, ya pili anababaika, ya tatu bado. Ili kadi iingie bahasha ya kwanza lazima aseme sauti, aseme maana, na aiweke kwenye sentensi, bila kufikiri sana, na afanye hivyo siku tatu tofauti. Siku moja haitoshi, watoto wana kumbukumbu ya asubuhi inayopotea jioni. Mwisho wa mwezi hesabu bahasha ya kwanza, andika. Na kila mwezi chomoa kadi kumi za zamani kutoka humo humo umjaribu, zikianguka tatu au zaidi anajifunza mpya huku za nyuma zinavuja, na hilo laoshi mwenye watoto 30 hawezi kuliona kirahisi.

Kutambua na kuandika kwa mkono ni vitu viwili. Uliza shule zipi lazima aziandike, zipi atambue tu. Ukimwangalia anaandika, huhitaji kujua maana ili uone mpangilio: 口, mdomo, inaonekana kama boksi la mistari minne lakini inaandikwa kwa mistari mitatu, wa pili unapinda kona. 国, nchi, ukuta wa nje unaanza, vya ndani vinajazwa, kisha mlango unafungwa mwisho. Mtoto anayechora boksi kwanza alafu anajaza ndani anachora picha, na picha huwa zinasahaulika haraka.

Ila kipimo ninachokipenda kuliko vyote ni cha kubahatisha. Herufi nyingi zimejengwa na vipande vinavyorudi rudi. Vile vidoti vitatu vya kushoto 氵 ni maji: 河 mto, 海 bahari, 洗 kuosha, hata 汤 mchuzi. Sasa mtafutie herufi ambayo hajafundishwa, yetu ilikuwa 湖, umuulize unadhani hii ni kitu gani. Akisema "sijui hatujafika" bado anameza moja moja. Binti yangu aliikodolea macho akasema "ni kitu cha maji". Ni ziwa. Tunaliona Nalubaale (Ziwa Victoria) tukienda Entebbe kila mara. Siku hiyo nilijua ameshika ufunguo, na kwenye ripoti hakuna sehemu ya kuandika kitu kama hicho.

Hatua ya 6: ngeli na pesa, vipimo vya jikoni

Hapa sisi waswahili tuna bahati. Kichina huwezi kusema kitabu kimoja moja kwa moja, lazima uweke neno la kuhesabia katikati, na linabadilika kufuatana na kitu: yì běn shū kitabu kimoja, yì zhī jī kuku mmoja, sān tiáo yú samaki watatu, yí liàng chē gari moja. Mtoto anayejua kwa nini tunasema kitabu kimoja lakini gari moja ataelewa haraka ukimwambia ni kama ngeli. Mwanzoni wote wanatumia gè kwa kila kitu, na wataeleweka. Panga mezani kitabu, samaki, kuku wa kuchezea, kigari, ahesabu. Ukisikia gè gè gè yuko mwanzo, zikianza kuingia běn na zhī bila kukumbushwa anapanda.

Namba mpaka 99 ni rahisi, shí yī ni kumi moja kama sisi na kumi na moja yetu, kwa hiyo usishangae akihesabu vizuri mwezi wa kwanza, hiyo usiihesabu kama maendeleo makubwa. Kazi iko kwenye pesa zetu. Kichina kina neno la elfu kumi, wàn, na vikubwa vyote vinahesabiwa kwa hilo: noti ya 50,000 ni wǔ wàn, tano za elfu kumi, laki ni shí wàn. Kwa shilingi ya Uganda mtoto anahitaji wàn mapema kuliko mtoto wa nchi zenye pesa ndogo ndogo, na vitabu vyao havimpi. Mpe noti za 2,000, 5,000, 10,000, 20,000, aseme kila moja, kisha mjumlishe bei ya vitu vya sokoni. Binti yangu alikwama kwenye 15,000 wiki nzima, alikuwa anasema "kumi na tano elfu" kwa Kichina, akihesabu kwa elfu kama sisi, badala ya yí wàn wǔ. Alipoivuka, hesabu zake za darasani nazo zikapanda.

Hatua ya 7: mtihani wa nje, mara moja kwa mwaka

Kuna YCT, mtihani wa China kwa watoto wa nje wanaosoma Kichina, una ngazi nne: ya kwanza maneno 80, ya pili 150, ya tatu 300, ya nne 600. Ngazi ya kwanza alama ni 200 na kufaulu ni 120. Ngazi hiyo ni kusikia na kusoma tu, kuongea ni mtihani mwingine, kwa hiyo cheti chake kisikufanye uache rekodi za sauti. HSK ni ya wakubwa, hesabu yake ya zamani ni ngazi sita za maneno 150, 300, 600, 1,200, 2,500 na 5,000, na mwaka 2021 China ilitoa viwango vipya vya ngazi tisa vyenye maneno mengi zaidi, kwa hiyo shule ikikwambia "watoto wetu wanafika HSK 3" uliza ni ya hesabu ya zamani au mpya. Pa kuanzia kuuliza habari za mitihani ni Taasisi ya Confucius pale Makerere, ipo tangu 2014.

Ushauri wangu usimpeleke mpaka afanye karatasi ya mazoezi nyumbani afaulu kwa nafasi. Mtoto wa miaka nane akifeli mtihani wa lugha anachukia lugha.

Hatua ya 8: angalia na masomo mengine

Mtoto anasoma hesabu kwa Kichina na PLE itakuja kwa English. Kila mwisho wa mwezi mimi nachukua maswali matano ya hesabu aliyokosa, namuuliza tena kwa Kiswahili au English. Akipata, hesabu anaijua, lugha ndo ilimkwamisha, namwambia laoshi maneno yaliyomshinda. Akikosa na hapo, basi tatizo ni hesabu na anahitaji kufundishwa hesabu. Bila kutenganisha hivi mtu unaweza kumtoa mtoto kwenye programu kwa kosa ambalo sio la programu.

Kuhusu English kuchelewa kidogo P1 na P2, hilo lilionekana tangu programu ya kwanza kubwa ya namna hii, ya Kifaransa huko St. Lambert, Quebec, mwaka 1965: watoto walibaki nyuma kwenye kusoma English mwanzoni na wakafika wenzao baada ya kuanza kufundishwa English. Mimi mpaka wangu ni mwisho wa P3. Kama hapo mtoto bado hasomi English ya darasa lake, simameni mwangalie, msingoje tena.

Hatua ya 9: kaa na laoshi na karatasi mkononi

Ukiuliza "anaendeleaje?" utajibiwa "vizuri", hata mimi ningejibu hivyo na foleni ya wazazi 20 nje. Peleka rekodi mbili, ya zamani na mpya, mzisikilize wote wawili, dakika nne. Kisha uliza vitu vinavyojibika: wakifanya kazi kwa vikundi anaongea na wenzake lugha gani, toni gani inamsumbua, anasema kitu gani bila kuulizwa, na naomba ukurasa mmoja alioandika kutoka kichwani bila kunakili ubaoni. Ongea kwa heshima, hawa walimu wengi wako mbali na kwao na English inawatoa jasho pia, andika maswali yako kwenye karatasi umpe siku moja kabla. Na walimu wa mkataba wanaondoka, sisi tumeshabadilishiwa wawili. Wa pili alianza upya kabisa kwa sababu hakuachiwa chochote, muhula mzima ulienda. Sasa daftari langu ndo makabidhiano, laoshi mpya napompokea nampa nakala.

Hatua ya 10: mstari ukilala

Rekodi tatu mfululizo, urefu ule ule, hakuna neno jipya la kuunganisha, kadi haziongezeki. Hapo usianze na tuisheni. Anza na masikio, mpeleke akapimwe, toni zinahitaji masikio mazima na watoto wanaougua masikio mara kwa mara wanapoteza vitu vidogo vidogo bila mtu kujua. Kisha uliza kama laoshi amebadilika au lugha ya darasani imehamia English. Kisha muulize mtoto mwenyewe kama kuna kitu kinamuumiza, binti yangu kuna kipindi aliganda kwa sababu mwenzake alikuwa anamcheka toni ya tatu. Baada ya hayo ndo tafuta msaada, na bora mtu wa kuongea naye nusu saa mara mbili kwa wiki kuliko vitabu zaidi vya kunakili.

Likizo itashusha kila kitu, hasa ile ndefu ya Desemba mpaka kufungua shule. Kwa hiyo usipime mwanzo wa muhula ukalia. Rekodi moja ya kufunga, moja ya kufungua, andika tofauti pembeni, na usiziweke kwenye mstari mmoja na zile za katikati ya muhula. Likizo iliyopita tulifanya dakika 15 kwa siku, kadi tano na hadithi moja ya kusikiliza akiwa anaosha vyombo, bahasha ya kwanza ilishuka kutoka 212 mpaka 190 tu, wakati mwaka uliotangulia hatukufanya chochote na karibu nusu zilipotea. Rekodi yetu inayofuata ni Jumamosi ya wiki ijayo, ameshaanza kuuliza kama anaweza kumuweka na paka kwenye picha ya sokoni, nimemwambia picha haibadiliki, ila akitaka paka amueleze kwa mdomo.